Kesi ya Makande Yaliyobakizwa

Namna nilivyofika Utonge si jambo la kumpotezea mtu muda. Mwanamume akifiwa na mke, akabaki na baiskeli mbovu za watu uani na nyumba isiyoitika, miguu humpeleka inakotaka. Yangu ilinipeleka huko, na niliyoyaona nayaandika kama nilivyoyaona. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msomaji asitafute maneno makubwa hapa. Wenye maneno makubwa ndio waliotufikisha tulipo.

Kwanza niseme nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipoingia, maana bila hilo mambo ya Utonge hayaeleweki. Jina langu Chanzi, fundi baiskeli. Tangu Semeni, mke wangu, azikwe, nilikuwa nakula. Sisemi kula kama watu wanavyokula. Nasema ugali wa sufuria nzima, nimesimama, mlango nimeubana kwa mguu, sionji chochote, mpaka mwiko ukwaruze chini. Halafu mkate. Halafu sukari kwa kijiko. Halafu aibu, na kiapo kwamba kesho sitatia kitu mdomoni. Na hiyo kesho, jua likianza kuinama, njaa ya kiapo inanirudisha kwenye sufuria. Binti yangu Tausi aliponiuliza unga unakwenda wapi, nilimwambia panya. Lawama ya kifo cha Semeni niliigawa kwa haki: mganga wa zahanati aliyekwenda semina na ufunguo wa kabati la dawa mfukoni, mwenyekiti wa mtaa aliyekataa kutoa gari, na yule diwani aliyekuja msibani akaulizia kama kuna nyama ya kuongeza. Mwenyewe sikujibakizia hata chembe.

Sasa Utonge. Katika nchi hiyo raia hana ruhusa ya kujua kama ana njaa. Kazi hiyo ni ya serikali. Kila mtaa una ofisa anayeitwa Msemaji wa Matumbo, mwenye kofia na baragumu. Asubuhi anapanda juu ya kigoda na kutangaza kwamba matumbo ya mtaa huu yana njaa, anapiga baragumu, na watu wanaanza kula. Akipiga mara ya pili, wameshiba. Kati ya baragumu na baragumu hakuna anayeruhusiwa kupumzisha mkono. Msemaji wa mtaa wetu aliitwa Bwana Tambuu, mtu mwenye shingo fupi na heshima ndefu. Siku moja niliona chakula cha mchana kilichoanza saa sita kikaisha saa kumi, kwa sababu Bwana Tambuu alikuwa amekwenda kunyolewa, na kinyozi alikuwa na maneno mengi.

Nilimuuliza kwa nini watu wasiyaulize matumbo yao wenyewe. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba tumbo ni kitu cha gizani, halijasoma, halina cheti. Akaniuliza, wewe fundi, baiskeli ikiharibika unaiuliza baiskeli? Nikamjibu kwamba ndivyo ninavyofanya hasa: naigeuza miguu juu, nazungusha gurudumu, nasikiliza. Akatoa daftari akaandika kwamba mgeni ni mtu mgumu.

Jambo la pili ni kwamba Mtonge hula peke yake, uso ukutani. Inasemekana zamani mtawala wao mmoja alionekana na ugali kwenye ndevu, akaona haya, na badala ya kujifuta akatunga sheria. Kwa hiyo ukiingia nyumba yoyote utakuta doa la mafuta ukutani, usawa wa paji la uso, moja kwa kila mtu wa nyumba hiyo. Ukienda kuposa wanakuonyesha doa la bibi arusi.

Sina haja ya kuficha: wiki ya kwanza niliipenda nchi hiyo. Ilikuwa Wiki ya Karamu. Maisha yangu yote serikali ilikuwa inaniambia nipunguze, nisubiri, nirudi kesho. Hii ndiyo ya kwanza kuniambia ongeza. Waziri wa Karamu, mwenye kofia nyekundu, alipita mtaani akitutia moyo, na nilipomaliza sinia la wali na maharage akanipiga bega akasema mimi ni mgeni wa mfano.

Wiki ya pili ikawa Wiki ya Toba. Majiko yakafungwa kwa lakiri. Tukawa tunapewa maji ya chumvi na jani la mchicha, jani, sisemi fungu. Ijumaa tukapelekwa uwanjani kupimwa kwenye mizani ya pamba, na uzito wa kila mtu ukasomwa kwa kipaza sauti, mbele ya wakwe na wadai wake. Waliozidi walisimamishwa upande na kukaripiwa na Waziri wa Toba, mwenye kofia nyeupe. Nilimtazama sana yule waziri. Nikamwambia jirani yangu kwenye foleni kwamba huyu si ndiye aliyenipiga bega wiki iliyopita? Kofia si ileile, kageuza upande wa ndani?

"Nyamaza," jirani akasema. "Hao ni watu wawili. Wanatumia mwili mmoja kubana matumizi."

Nimezoea kudanganywa na viongozi, lakini kwetu angalau hubadilisha mtu.

Toba ilipokwisha na baragumu la Karamu likalia, niliona watu wazima, mwalimu, mkunga, shehe, wakikimbilia ukutani na mabakuli kama kuku waliofunguliwa banda. Mimi nilikuwa mbele yao. Nilikula mpaka nikaanguka na bakuli mkononi. Nilipoinuka nilikuwa nimejua kwamba sikuhama popote. Nilikuwa jikoni kwangu, ila sasa jiko lina bendera.

Baraza Kuu lao lilikaa mwezi huo kujadili kwa nini wananchi wananenepa wiki hii na kuzirai wiki ijayo. Niliingia nikakaa nyuma. Mheshimiwa mmoja aliinua kijiko juu na kusema adui ndiye huyu. Walijadili kijiko siku tatu. Wengine walitaka kipunguzwe, wengine sahani zipanuliwe ili chakula kione aibu. Mwisho vijiko vyote vikakamatwa. Nilipita mahabusu nikaviona vimefungwa mafungu kwa kamba, na askari mwenye bunduki mlangoni. Watu wakala kwa mikono, ambayo huchota zaidi. Kikao kilichofuata kikafungua hoja ya mikono.

Hapo ndipo mama mmoja aliyekaa mstari wa wananchi aliposimama na kuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama waheshimiwa hawaoni kwamba watu wanashindilia wiki hii kwa kuogopa wiki ijayo. Alitolewa nje kwa kusema jambo lisilo kwenye ajenda. Nilimfuata, kwa sababu mama huyo alikuwa mwenyeji wangu na yeye ndiye mwenye ufunguo wa nyumba.

Aliitwa Bi Mwatima. Umri wetu ulilingana, ila yeye alikuwa na magoti mazuri kuliko yangu. Njiani aliniambia mambo ambayo mwezi mzima hakuniambia. Kwamba alikuwa mwonja chakula wa wizara miaka tisa. Kwamba aliacha kazi siku alipojikuta stoo amekaa juu ya gunia, anakula mchele mbichi, anakula analia. Na kwamba nyumbani kwake, kwenye chumba cha nyuma, kuna kitu angependa kunionyesha, lakini nikikisema nje atafungwa.

Nilidhani ni bunduki. Ilikuwa mkeka.

Juu ya mkeka palikuwa na sinia moja, na watu wanne wamekaa duara, wanatazamana. Mmoja alikuwa yule jirani wa kwenye foleni. Walikuwa wanakula ndizi na maharage, na mmoja anasimulia jinsi mbuzi wake alivyoingia msikitini. Waliponiona wakasogea. Nilikuwa sijala mbele ya uso wa mtu tangu arobaini ya Semeni, na nawaambia ukweli, tonge la kwanza nililichukua kama mwizi.

Utaratibu wa Bi Mwatima haukuwa na maajabu, na ndiyo maana ulinikera. Uji saa moja. Chakula saa sita na nusu. Kitu kidogo alasiri, muhogo au tunda. Chakula tena kabla jua halijazama. Karamu iwepo, Toba iwepo, yeye alikuwa na njia zake za kupitisha unga chini ya lakiri. Hakuna chakula kilichoitwa dhambi. Hata maandazi yaliruhusiwa, kwa sharti yaliwe umekaa, na mwenzako anakuona. Na katikati ya kula unaweka mkono gotini, unaliuliza tumbo, bado? Halafu unasubiri jibu.

Wiki ya kwanza tumbo langu halikujibu kitu. Nilimwambia limekufa. Akasema halijafa, limesusa; ukimpuuza mtu miaka miwili, siku ya kwanza ukimsalimu atakuitikia?

Mimi nikaanza habari zangu. Nikamweleza mganga na ufunguo wake, mwenyekiti na gari lake, diwani na nyama yake, kisha nikaongeza Waziri na kofia zake mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele.

"Wana makosa, mzee mwenzangu, na mengine hujayajua bado," alisema. "Lakini mkono unaochota ni wa nani?"

Nikasema wangu.

"Basi tuanze na huo. Hao wengine hawatutii."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaendelea na uji.

Wiki tatu nilikwenda vizuri. Tumbo lilianza kusema maneno mafupi, kama mtoto. Halafu ikaja Ijumaa nyingine ya mizani. Bwana Tambuu alisoma uzito wangu kwa kipaza sauti, akarudia, akasema mgeni huyu alipoingia nchini barabara ililalamika. Uwanja mzima ukacheka, hata waliokuwa wanazirai. Nikarudi nyumbani mchana huohuo, Bi Mwatima akiwa bado uwanjani, nikaingia stoo. Nilikula debe la karanga za kukaanga. Sikusema kikombe. Zilipokwisha nikachanganya unga wa mahindi na sukari nikala mkavu, naukohoa huku naula.

Alinikuta nimekaa sakafuni, maganda mekundu ya karanga kwenye ndevu. Nilishaandaa hotuba. Nikamwambia nitafunga siku mbili, tatu akitaka, sitagusa hata maji, halafu nitaondoka kwake. Akakaa chini, akanitoa ganda moja shavuni.

"Kufunga ni maneno ya Wizara ya Toba," alisema. "Kesho saa moja kuna uji. Utakunywa kama kila siku."

Nikasema sistahili uji.

"Uji hauna habari na unachostahili. Pale stoo ulikuwa unataka nini, Chanzi? Karanga sizo."

Ilinichukua muda. Nikasema waliponicheka nilitamani mtu awajibu. Semeni angewajibu. Alikuwa na mdomo kama wembe yule. Angemwambia Tambuu kitu ambacho wajukuu zake wangekitafutia dawa. Bi Mwatima akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, unga ukanitoka puani. Asubuhi nikanywa uji. Sijui kama msomaji anaelewa ukubwa wa jambo hilo. Baada ya siku kama ile, bakuli moja la uji saa moja asubuhi ni zito kuliko fremu ya chuma.

Siku ya tisa baada ya hapo ndiyo siku ya makande.

Tulikuwa wawili tu mkekani. Bi Mwatima alikuwa amepika makande ya nazi, mahindi yamelainika, maharage mekundu. Nilikula, nikaweka mkono gotini, nikauliza. Tumbo likasema, inatosha. Lilisema hivyo, kama mtu mzima. Kwenye sahani yalikuwa yamebaki makande kiasi cha viganja viwili. Niliyatazama, yakanitazama. Bi Mwatima alichukua kisosi akayafunika, akaenda kuyaweka jikoni, na nilimwona anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Alasiri hiyo Bwana Tambuu aliingia kukagua majiko. Akainua kisosi.

Utonge haikuwa imeonekana sahani yenye chakula kilichobaki kwa miaka ishirini na sita. Kosa lake lina jina: kushiba bila kibali. Sahani ile ilibebwa hadi mahakamani na askari wawili, juu ya mto, na watu walipanga foleni kuiona. Wengine walikuja na watoto. Mama mmoja aliuliza kwa unyenyekevu kama aliyebakiza alikuwa mgonjwa.

Bi Mwatima aliwaambia sahani ni yake. Adhabu yake ilikuwa miaka mitatu katika Nyumba ya Mafunzo, ambako baragumu hupigwa bila mpango mpaka mfungwa asiweze tena kutofautisha njaa na usingizi. Waliotoka huko niliwaona mtaani. Wanakula hata sabuni ukiwapa.

Nikaenda mwenyewe mbele ya Hakimu Kibindo, mtu mrefu, mkavu, mwenye joho lililomzidi, nikasema sahani ile ni yangu. Mahakama nzima ikaangua kicheko. Bwana Tambuu alifungua daftari lake akasoma uzito wangu wa Ijumaa zote. Akaiomba mahakama itazame shati langu, vifungo viwili vilivyobaki, halafu iamue kama mtu huyu amewahi kubakiza kitu. Hata mimi nilipojitazama niliona ana hoja.

Hakimu akasema ushahidi wa mdomo hautoshi. Kama mgeni kweli hubakiza, abakize hapa. Kesho mchana ataletewa chakula, hakutakuwa na baragumu la kumaliza, naye ataachwa ale. Akibakiza mwenyewe, mama huyu hana kosa. Akimaliza, wote wawili ni waongo, na mama anakwenda.

Nililala mahabusu, chumba kimoja na vijiko. Hawakunipa chakula jioni, wala uji asubuhi. Hiyo ilikuwa akili ya Bwana Tambuu. Bi Mwatima aliposikia alisimama kizimbani akasema hawanipimi mimi, wanapima kazi ya Wizara ya Toba. Mtu ukimfungia chakula siku nzima halafu ukamwekea sinia, huyo ni mtu mwenye kiu unayemuuliza kama anapenda maji. Hakimu akamwambia akae.

Wakaleta pilau. Pilau la sinia la watu sita, nyama ya mbavu juu, viazi, kachumbari pembeni, mvuke unapanda. Nikawekwa kwenye kona, uso ukutani, na mahakama ikakaa nyuma ya mgongo wangu.

Matonge saba ya kwanza siyakumbuki. Niliyajua tu yalipokuwa yameshapita. Ile mashine ya zamani iliwaka, masikio yakaziba, nikawa sipo. Tonge la nane likiwa mkononi niliona doa la mafuta ukutani, mbele ya paji langu, na nikajua nikibaki nimelitazama lile doa nitafika chini ya sinia, na mama wa watu atafungwa.

Nikashusha mkono. Nikamuuliza karani, bila kugeuka, mimi hapa ni nani kisheria. Akapekua kitabu, akasema shahidi. Nikamuuliza shahidi anatakiwa atazame wapi. Karani akapekua tena, muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba shahidi anatakiwa amtazame Hakimu.

Nikageuza kigoda, nikageuza sinia, nikakaa mgongo ukutani. Watu walifunika nyuso. Bwana Tambuu alipinga, akataja sheria ya ukuta. Karani akataja sheria ya shahidi, ambayo ni kongwe zaidi kwa miaka minne. Hakimu Kibindo hakuwa na la kufanya ila kutazamwa na mtu anayekula. Naona ilikuwa mara yake ya kwanza. Alikohoa. Alipanga kalamu. Mwisho, kwa kukosa pa kuweka macho yake, akaniuliza huko kwetu nani ananipikia.

Nikasema hakuna. Mke wangu amekufa, mwaka wa pili huu. Akauliza kwa maradhi gani, nami nikaanza na mganga na ufunguo, kama kawaida yangu. Nilifika kwa mwenyekiti na gari. Hakimu alisikiliza, halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu, si shehe, si diwani, si hata Tausi, aliyewahi kuniuliza.

"Yeye alikuwa anapenda kula nini?"

Tonge lilikuwa njiani. Nikalirudisha.

Nikamwambia ukoko. Semeni alipenda ukoko wa wali, ule wa kahawia unaoshika sufuria. Alikuwa anaugombania na mimi, kila Ijumaa, miaka thelathini na moja. Ananituma nje, eti kuna mteja anaita, nikirudi sufuria imekwanguliwa na yeye amekaa mbali kabisa, anakunja nguo, mashavu yamejaa. Nikimuuliza anatikisa kichwa, hawezi kufungua mdomo. Watu wakacheka. Hakimu akacheka. Nikaendelea, nikasema mengine, na katikati ya maneno nikala, tonge hili, baadaye lile, na nilisikia iliki, nikasikia pia kwamba mpishi wa mahakama amezidisha karafuu. Nikala kipande cha mbavu polepole kwa sababu kilikuwa kitamu. Sikumtaja tena mganga. Sikumsamehe, sikumtaja tu, hakuwa na nafasi pale.

Mkono ulikuwa gotini kabla sijauweka. Nikauliza kimoyomoyo. Jibu likaja.

"Inatosha," nikasema.

Zaidi ya nusu ya sinia ilikuwa imebaki. Bwana Tambuu akasema ni hila, atarudia, tusubiri. Hakimu akakubali, tukasubiri. Na mimi nilitamani, sisemi uongo mahakamani. Nyama moja yenye mafuta ilikuwa imenielekea kabisa. Tamaa ilikuja, ikasimama, ikanitazama. Ilipoona nimekaa na watu ikaondoka, ikarudi tena mara moja, ikaondoka. Pilau likapoa, mafuta yakaganda. Karani akaanza kusinzia. Saa nzima ilipita, na hakuna aliyepiga baragumu.

Hukumu yao ilikuwa ya Kitonge kabisa. Sheria haikufutwa. Hakimu alisoma kwamba sahani ni ya mgeni. Kwamba tumbo la mgeni limezaliwa nje ya mipaka na haliko chini ya Wizara. Kwamba kwa hiyo hakuna Mtonge aliyeshiba, na Bi Mwatima yuko huru. Karani akauliza kwenye fomu aandike sababu gani ya shahidi kuacha kula, kwa maana kuna mbili tu, baragumu na kifo. Hakimu akafikiri, akamwambia achore mstari wa tatu.

Bi Mwatima alishuka kizimbani. Hakuja kwangu. Alikwenda hadi kwenye meza ya Hakimu, akamtazama yule mzee mkavu ndani ya joho lake, ambaye kwa dakika nyingi alikuwa hajaondoa macho kwenye sinia.

"Mheshimiwa," alisema, "una njaa?"

Hakimu, kwa mazoea, akageuka kumtazama Msemaji wa Matumbo. Bwana Tambuu akavuta pumzi, akainua baragumu.

"Sikumuuliza yeye, baba," Bi Mwatima akasema. "Nimekuuliza wewe."

Tambuu akabaki na baragumu hewani. Hakimu Kibindo akaingiza mkono ndani ya joho, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani na hakumbuki ni mfuko gani, akaushikilia pale tumboni, akainamisha kichwa, akasikiliza. Jirani yangu wa foleni akavuta kigoda cha pili, akakiweka upande wa pili wa sinia, kinatazamana na changu.

Hatukumharakisha. Mimi nilijua inavyochukua muda.